Wekundu wa Kaa la Moto

Mkaa ukishashika, moshi ukaisha na harufu ya mafuta ya taa ikapotea, kaa hupita katika rangi ambazo kila aliyewahi kuwasha jiko anazijua bila kufundishwa. Mwanzo ni weusi wenye joto, ambao kiganja huuhisi kabla jicho halijaona chochote. Kisha pembeni, penye ncha na nyufa, huchomoza wekundu wa kiza. Pepea kwa kipande cha boksi, wekundu unachangamka, unaingia rangi ya chungwa, na pale katikati, hewa inapopenya kwa nguvu, unakaribia manjano. Acha kupepea na rangi zitarudi nyuma kwa njia ileile, mpaka utando mwembamba wa majivu ulifunike kaa. Vile vimiali vya buluu vinavyochezacheza juu ya jiko ni gesi inayoungua. Kaa lenyewe halijawahi kuanza na buluu wala kijani, na halitaanza. Tena hii si tabia ya mkaa peke yake. Chuma kilichotiwa motoni, chungu kilichomo tanurini, figa lililoachwa katikati ya kuni, vyote vikifikia nyuzijoto 525 hivi za Selsiasi huanza kuwaka wekundu uleule. Thomas Wedgwood, mtoto wa mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza, aliliandika jambo hili mwaka 1792, lakini wahunzi walikuwa wakiishi nalo tangu zamani. Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya matanuri yaliyoyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na waliovukuta matanuri hayo hawakuwa na kipimajoto kingine zaidi ya jicho lililozoea rangi.

Kwa nini kaa liwe jekundu? Mtoto anaweza kuuliza hivyo, na mtu mzima akamjibu kwamba moto ndivyo ulivyo. Mwaka 1900 ulipoanza, watu walioyajua maumbile kuliko wote waliowatangulia hawakuwa na jibu bora kuliko hilo. Nalisema hili kwa heshima, maana fizikia waliyokuwa nayo ilikuwa jengo la fahari. Sheria za Newton zilikuwa zimewaelekeza wanajimu mahali pa kuelekeza darubini usiku wa Septemba 1846, na hapo wakaiona sayari ya Neptuni, karibu kabisa na pale hesabu ilipowatuma. Maxwell alikuwa ameonyesha kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku. Kijana mmoja alipokwenda kusoma fizikia Munich miaka ya 1870, mwalimu wake, Philipp von Jolly, alimwambia kwamba elimu hiyo imekaribia kukamilika na kazi iliyobaki ni ya kuziba nyufa. Kijana huyo alikuwa Max Planck. Alijibu kwamba hatafuti kugundua mapya, anataka tu kuyaelewa yale yaliyokwisha kujulikana. Mimi nampenda Planck kwa jibu hilo kuliko kwa mambo mengi aliyofanya baadaye.

Siku hizi watu husema kwamba fizikia ile ya zamani huvunjika mambo yanapokuwa madogo mno. Ni kweli, ila namna tunavyolisema jambo hili imekuwa ikinisumbua, maana inaufanya udogo uonekane kama nchi ya mbali, yenye forodha yake, ambako sheria zetu hazitambuliwi na ambako sisi hatuna safari. Ukweli ni kwamba fizikia ile ilivunjikia jikoni. Ilivunjikia mbele ya kitu cheusi kilichopata joto kikang'aa, kitu ambacho mama mwenye nyumba hukisogeza kwa kijiti kila jioni.

Na haikushindwa kwa kukaa kimya. Ilitoa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la kutisha. Ndani ya kitu chenye joto, nuru inaweza kutetema kwa namna nyingi: polepole, kwa kasi, kwa kasi zaidi. Fizikia ya zamani ilikuwa na kanuni ya haki, iliyotumika vizuri kwenye gesi na mvuke, kwamba joto hugawanywa sawa kwa kila namna ya kutetema. Tatizo ni kwamba kadiri mtetemo unavyokwenda kasi ndivyo namna zake zinavyoongezeka, na ongezeko hilo halina kikomo. Baada ya wekundu kuna manjano, kuna buluu, kuna urujuani, kuna miali ya urujuanimno isiyoonekana, na mbele yake namna nyingine bila mwisho. Zote zipewe sehemu sawa! Lord Rayleigh mwaka 1900, na James Jeans baada yake, walifuata hesabu hiyo kwa uaminifu, na ukiifikisha ukingoni inasema kwamba kaa moja lina deni la nuru isiyo na mwisho, karibu yote ya ile inayoharibu macho na ngozi. Jiko lingetupofusha. Zaidi ya hapo, lisingekuwapo jiko, kwa sababu joto lote la dunia lingekwisha zamani kwa kumwagikia kwenye mitetemo isiyohesabika, na hakuna kitu ambacho kingebaki vuguvugu, hata damu.

Ufumbuzi ulitoka Berlin, na ulitokana na taa. Huko Charlottenburg palikuwa na taasisi ya serikali ya vipimo, iliyoanzishwa mwaka 1887, na viwanda vya gesi na vya umeme vilihitaji kipimo cha kuaminika cha mwanga. Wapimaji wake walitengeneza matanuri madogo yaliyofungwa pande zote isipokuwa tundu moja, wakayapasha joto, wakapima nuru iliyotoka tunduni rangi kwa rangi. Jumapili moja ya Oktoba 1900, Heinrich Rubens na mkewe walikwenda kumtembelea Planck nyumbani, na katika mazungumzo Rubens akamweleza vipimo vyake vipya vya miali isiyoonekana iliyo chini ya wekundu. Jioni hiyohiyo Planck akapata kanuni iliyolingana na vipimo, akamtumia Rubens kwa kadi ya posta. Lakini kanuni iliyolingana bado haikuwa na maelezo. Wiki zilizofuata alizieleza baadaye kuwa za kazi ngumu kuliko zote maishani mwake, na miongo mitatu baadaye, katika barua, alikiita alichokifanya tendo la mtu aliyekata tamaa. Lisilobudi hutendwa. Tarehe 14 Desemba 1900 alisimama mbele ya wanafizikia wenzake wa Berlin na kueleza hesabu ambamo nishati haigawanyiki bila kikomo: inatolewa na kupokelewa kwa mafungu kamili, na kadiri mtetemo unavyokwenda kasi ndivyo fungu lake linavyokuwa kubwa.

Fikiria soko ambalo wauzaji wamekataa katakata kuvunja fungu. Kuna muuzaji wa nuru ya chini ya wekundu, mafungu yake ni madogo, kila mwenye chochote mfukoni atanunua. Muuzaji wa wekundu ana mafungu makubwa kidogo. Muuzaji wa urujuani anauza kwa gunia, na huyu wa urujuanimno kwa shehena nzima ya lori. Joto huwapa wanunuzi pesa kidogo kila mmoja, na pesa hizo hazirundikwi kwa subira. Soko hili halijui haba na haba. Kaa linapoanza kuwaka, fungu moja la nuru nyekundu lina nishati zaidi ya mara ishirini ya wastani uliomo mfukoni mwa kila mmoja. Wanaolimudu ni wachache sana, waliobahatika kukusanya kwa dakika moja kile ambacho wengine wamekikosa, ila kaa lina wanunuzi wengi kiasi kwamba wachache hao wanatosha kuonekana kwa jicho. Wanaomudu fungu la urujuani ni haba kuliko hao mamilioni ya mara. Basi kaa ni jekundu kwa sababu buluu ni ghali. Muuzaji wa urujuanimno yuko sokoni, milango iko wazi, na hakuna anayeingia.

Wazee walisema chururu si ndondondo, wakimaanisha mkondo unaotiririka haulingani na tone moja moja. Fizikia ya zamani yote ilikuwa chururu. Mwendo ulitiririka, nuru ilitiririka, na hakuna mahali ulipoweza kufika ukaambiwa hapa hapagawanyiki tena. Planck alisikia ndondondo, na kwa miaka mingi hakutaka kuamini kwamba ndiyo sauti ya maumbile yenyewe. Alitumaini ni hila ya hesabu tu. Einstein mwaka 1905 ndiye aliyeliamini jambo hilo waziwazi kuliko yeye. Namba inayosema tone ni kubwa kiasi gani tunaiita kwa jina la Planck, na ukiiandika kwa vipimo vyetu vya kila siku itakubidi uweke nukta, sifuri thelathini na tatu, ndipo uandike 6. Hapo ndipo ilipo sababu ya kuvunjika. Udogo wa umbo si kizuizi kwa sheria za Newton; zinavunjika pale ambapo mwendo mzima wa kitu, uzito wake, kasi yake na nafasi kiliyoachiwa, unakaribia ukubwa wa tone hilo. Embe la gramu 300 likidondoka kutoka juu mtini lina wimbi lake pia, kama Louis de Broglie alivyodai mwaka 1924 kwamba kila kitu kinalo, lakini wimbi la embe ni dogo kuliko kiini cha atomu zaidi ya mara bilioni bilioni. Hakuna jicho wala chombo kitakachoiona mikunjo yake, na embe linashuka kwenye mstari wa Newton bila kuyumba. Elektroni ya haidrojeni ni nyepesi kiasi kwamba wimbi lake linaizunguka atomu nzima. Kuuliza iko upande gani wa atomu ni kuuliza wimbi la bahari liko kwenye mchanga upi.

Keti juu ya jiwe basi, jiwe la kawaida la kizingitini. Ernest Rutherford, akiwa Manchester, alionyesha mwaka 1911 kwamba atomu ni karibu uwazi mtupu, kiini kidogo mno katikati na elektroni pembeni. Ilikuwa habari mbaya kwa fizikia ya zamani, maana kwa sheria za Maxwell elektroni inayozunguka lazima itoe nuru, na ikitoa nuru inapoteza nishati, na ikipoteza nishati inaanguka ndani. Hesabu inasema ingefika kwenye kiini kwa muda wa sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni mia moja. Jiwe, kizingiti, na wewe uliyeketi, mngesinyaa kuwa si kitu kabla neno la kwanza halijatamkwa. Kinachozuia ni kwamba elektroni huwezi kuibana kiasi unachotaka. Kila ukiipunguzia nafasi inazidi kuhangaika, na uhangaikaji huo una gharama ya nishati. Basi inatulia mahali ambapo mvuto wa kiini na kukataa kubanwa vimefikia suluhu. Umbali huo wa suluhu ndio ukubwa wa atomu. Ukiifanya namba ya Planck kuwa sifuri, suluhu haipo. Kwa hiyo ugumu wa jiwe, ambao Newton aliuchukua kuwa jambo lililokuwapo tangu mwanzo, lisilohitaji kuulizwa, umetoka chini, kwenye tone.

Jua nalo ni hivyohivyo. Kiini chake kina nyuzijoto milioni 15 hivi, joto ambalo kwa sheria za zamani halitoshi kabisa kuzifanya protoni mbili zigusane na kuungana ili jua liwake, kwa kuwa zinasukumana. Robert Atkinson na Fritz Houtermans walieleza mwaka 1929, wakitumia wazo ambalo George Gamow alikuwa amelitoa mwaka uliotangulia, kwamba wimbi la protoni hupenya kidogo ndani ya ukuta ambao protoni yenyewe haina nguvu ya kuuruka. Mara chache mno, mara chache kiasi kwamba jua linadumu mabilioni ya miaka, moja inajikuta upande wa pili. Fizikia ya zamani ingetuacha gizani kabisa, na bado tuliendelea kuiita fizikia ya mambo ya kawaida.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huku kuna bei. Werner Heisenberg mwaka 1927 alionyesha kwamba ukitaka kujua elektroni iko wapi barabara, lazima uache kujua inakwenda kwa kasi gani, na kinyume chake. Mara nyingi jambo hili huelezwa kana kwamba tatizo ni mikono yetu mizito, kwamba tunapoichunguza elektroni tunaisukuma. Maelezo hayo yanafariji, kwa sababu yanatuachia tumaini kwamba elektroni yenyewe inajua iko wapi na inakwenda wapi, ila inatuficha. Mimi sioni kwamba tumaini hilo lina pa kusimama. Einstein alilitetea mpaka mwisho wa maisha yake, na kulitetea kwake kuliisaidia elimu kuliko utii wa wengi, kwa sababu John Bell alilichukua swali lake mwaka 1964 na kuligeuza kuwa kitu kinachoweza kupimwa. Waliopima, akina John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Vipimo vilikataa kwamba kila chembe hubeba majibu yake yote mfukoni huku ikisubiri kuulizwa, isipokuwa ukubali kwamba chembe zilizo mbalimbali zinaweza kuambizana papo hapo.

Kuna picha ambazo sijui mtu awezaje kuzitazama akabaki na raha yake ya zamani. Ni za jaribio la Akira Tonomura na wenzake huko Japani, lililochapishwa mwaka 1989. Elektroni zinatumwa moja moja, kila moja ikiwa na njia mbili mbele yake, na kila ikifika kwenye kioo inaacha nukta nyeupe. Picha ya kwanza ina nukta chache, zimetawanyika ovyo, huwezi kusema lolote. Ya pili ina mamia, bado ni ovyo. Katika ya tatu, nukta zikiwa maelfu, unaanza kushuku. Zikifika makumi ya maelfu, unaona mistari iliyonyooka, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, mistari ambayo wimbi pekee ndilo linaloweza kuichora kwa kupita njia zote mbili. Hakuna elektroni iliyokutana na mwenzake njiani, maana kila moja ilisafiri peke yake. Hakuna elektroni iliyochora mstari, maana kila moja ilitoa nukta moja tu. Nukta inayofuata itaangukia wapi? Maumbile hayasemi. Nukta elfu kumi zitakaa vipi? Yanasema kwa uhakika ambao hakuna mtabiri wa mvua anaoweza kuufikia.

Wengi wape. Nadhani hapa ndipo sheria za Newton zilipopata mamlaka yake, na ndiyo maana sikubali ziitwe uongo. Ni sauti ya halaiki. Ndani ya embe kuna atomu nyingi kuliko idadi yoyote yenye jina tunalolitumia, na kusitasita kwa kila moja kunamezwa na kusitasita kwa nyingine, mpaka kinachosikika nje ni kauli moja isiyotetereka. Pia embe halikai peke yake kamwe: hewa inaligonga, nuru inaliangukia na kuondoka na habari zake, na ushahidi huo unaosambaa kila upande unalinyima uhuru wa kuwa huku na kule kwa pamoja. Lakini mpaka wenyewe hauna jiwe la alama. Mwaka 1999 huko Vienna, molekuli za kaboni zenye atomu 60 zilionekana zikijipanga kwa mistari ya wimbi. Miaka ishirini baadaye, hukohuko, molekuli zenye atomu kufikia elfu mbili zilifanya vilevile. Kila mpaka unaowekwa unasogezwa na mtu mwenye subira na chombo tupu kisicho na hewa. Kama kuna mahali ambapo udogo unakoma na ukubwa unaanza, hajatokea aliyepaona.

Jambo linalonigusa zaidi katika habari hii lilitokea majuzi tu, na lilipita bila kelele. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Kila jiwe la mizani, kwa mlolongo mrefu wa kulinganisha, lilikuwa na nasaba inayoishia pale. Lakini baada ya karne moja nakala zake zilipoletwa kulinganishwa nacho, zilikuwa zimeachana nacho kwa makumi ya mikrogramu, na hapakuwa na njia ya kujua nani amebadilika, kwa kuwa kipande kile kilikuwa kilo kwa tangazo, hata kingekatika pembe. Basi tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo imefungwa kwenye namba ya Planck. Namba ile ya kaa la moto, iliyopatikana Berlin kwa kukata tamaa, imetangazwa kuwa haitabadilika, na uzito unatafutwa kutoka kwayo kwa mizani ya umeme. Sukari inayopimwa dukani leo, kwenye mizani yenye alama ya Wakala wa Vipimo, nasaba yake inashuka mpaka kwenye fungu dogo kuliko yote. Nafurahi kwamba waliokutana kuamua walichagua hivyo, wakaacha kitu kinachoshikika, wakaegemea kile ambacho vitu vyote vinavyoshikika vimekiegemea tangu mwanzo. Kipande cha Sèvres bado kimehifadhiwa palepale, na sasa uzito wake ni jambo la kupima, kama wa kitu kingine chochote.